KISIMA KILICHOZIBWA

Fundisho kwa waalimu wa nyimbo na kwa kila mtunzi. Soma kwanza Mwanzo 26:12–22.



Katika nchi yetu ya Handeni hakuna asiyejua kiu. Mvua ikikawia, mto huwa mchanga mtupu, na akina mama huchimba mchangani wapate maji. Kila mchotaji aijua desturi ya kisima cha namna hiyo: maji hujikusanya polepole, nawe huchota kwa kata, ukifanya pupa, hupati ila tope. Lakini mwenye akili hasemi kwamba maji yamekwisha kwa kuwa kata yake imetoka na tope. Hukaa kando akangoja.

Basi ni ajabu kwamba mtu huyo huyo, akiwa mwalimu wa kwaya, hana subira hiyo kwa moyo wake mwenyewe. Alitunga nyimbo tatu, nne, watu wakazipenda. Sasa Sikukuu ya Mavuno yakaribia, wanakwaya wanamtazama, naye akaa usiku na karatasi mbele yake, wala hakuna neno lijalo. Usiku wa pili ni vivyo hivyo. Ndipo ajiambiapo, “Karama yangu imeondolewa.” Wengine huacha kazi kabisa kwa kusingizia shamba, kwaya hutawanyika, na vijana wakishatawanyika hawarudi upesi. Hasara hii si ndogo, maana mzee asiyejua kusoma huushika wimbo hata siku ambayo hotuba imesahauliwa. Kwa hiyo yafaa tulichunguze neno hili.

1. Kuzibwa si kukauka

Visima alivyovirudia Isaka vilikuwa vimechimbwa siku za Ibrahimu baba yake. Havikukauka, Wafilisti walikuwa wamevifukia kwa udongo. Isaka hakulia juu yake, alivichimbua. Mtunzi naye na aulize kwanza: Ni udongo gani uliokifukia kisima changu? Mara nyingi ni mmoja wa hawa watatu.

Wa kwanza ni uchovu. Eliya alipolala chini ya mretemu akitamani kufa (1 Wafalme 19:1–8), malaika hakumpa kazi kwanza. Alimpa mkate na maji. Eliya akalala tena, akaamshwa, akala mara ya pili. Ndipo safari ikaanza. Mwalimu aliyelima kutwa asijilaumu kwa kukosa maneno usiku. Na alale, aandike alfajiri.

Wa pili ni hofu. Wimbo uliosifiwa huwa mzigo kwa ule utakaofuata, kwa kuwa mtunzi aogopa hautalingana nao. Na ajue kwamba Martin Luther mwenyewe, katika mwaka 1523, alimwandikia rafiki yake Spalatin akimwomba azigeuze zaburi ziwe nyimbo za watu, kwa maneno mepesi ya kila siku. Akakiri kuwa yeye hana kipawa cha kuifanya kazi hiyo kama apendavyo. Lakini hakukaa bure akingoja kipawa kizidi. Katika nyimbo zake zipatazo 36, zaidi ya 20 ni za miaka ile miwili, 1523 na 1524.

Wa tatu ni kutaka ubeti wa kwanza utoke safi, usio na waa. Maji ya kwanza ya kila kisima huwa na tope. Mchimbaji huyamwaga, wala hakifukii kisima kwa sababu hiyo. Andika ubeti mbaya, uufute, uandike tena.

2. Chimbua visima vya baba zako

Wako wadhanio kwamba mtunzi wa kweli hutoa kila kitu moyoni mwake, na kwamba kutumia kilichokuwapo ni wizi. Sivyo. Luther alitwaa wimbo wa Kilatini wa Ambrosio, akautia katika Kijerumani. Na wimbo wake wa Krismasi ulipochapwa mwaka 1535, ulikuwa na tuni ya wimbo wa mafumbo wa watu wa kawaida. Johann Sebastian Bach, aliyeanza kazi ya nyimbo za kanisa mjini Leipzig mwaka 1723, alipotengeneza nyimbo kuu za Krismasi ya 1734 alitumia vipande vingi alivyokuwa amekwisha kuviandika mwaka uliotangulia kwa sherehe za wafalme. Hakuna aliyemwita mvivu.

Hata kwetu twao mfano. Chuo cha theolojia kilichoanza Lwandai, Usambara, mwaka 1947, kilihamia Makumira karibu na Arusha. Huko, katika miaka ya 1960, mwalimu Howard Olson aliwahimiza wanafunzi watunge nyimbo kwa tuni za makabila yao. Mmoja wao, Bernard Kyamanywa, alitunga “Mfurahini, Haleluya” kwa tuni ya Kihaya. Leo wimbo huo wa Pasaka waimbwa pia kwa Kiingereza na kwa Kijerumani. Tazama, kisima kilichochimbuliwa Uhaya chanywesha mataifa ya mbali!

Basi, wewe wa Mazingara ama wa Korogwe uliyekosa tuni, nenda ukaketi na bibi zako. Wanazo nyimbo za kutwanga na za kubembeleza watoto. Sikiliza bila kalamu kwanza. Tena uulize wimbo ule ulikuwa wa shughuli gani, usije ukaleta ibadani jambo litakalowachekesha wazee.

3. Chota kwa kipimo

Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, alikuwa karani. Tangu 1926 hata 1944 alifanya kazi katika idara ya forodha, na baadaye katika ofisi nyingine za serikali. Hata hivyo, alipofariki mwaka 1962 alikuwa ameacha vitabu vingi vya mashairi na hadithi. Kama angalingoja siku zisizo na kazi, tungalipata nini? Mtunzi na ajiwekee nusu saa kila siku, na daftari moja. Haba na haba hujaza kibaba. Tena aache akiwa bado ana neno la kesho, kama mchotaji asiyekwangua kisima mpaka chini.

Na wimbo ukikataa kabisa? Watumishi wa Isaka walipata maji, wachungaji wa Gerari wakawagombania. Visima viwili vikaitwa Eseki na Sitna. Isaka hakukaa hapo kushindana. Alichimba cha tatu, ndicho Rehobothi, palipokuwa na nafasi. Uweke kando wimbo mgumu, uanze mwingine.

4. Usichimbe peke yako

Luther aliomba msaada wa rafiki. Isaka alikuwa na watumishi. Wape wanakwaya ubeti mmoja mmoja wautafute nyumbani, kisha mchague pamoja. Na sikukuu ikifika pasipo wimbo mpya, imbeni wa zamani kwa bidii, usharika hautapungukiwa.

Mwanzoni mwa kazi zake nyingi Bach aliandika herufi J.J., yaani “Yesu, nisaidie”, na mwishoni S.D.G., yaani “Utukufu kwa Mungu pekee”. Alianza kwa kuomba, si kwa kujiona tayari. Na wewe uliyeitua kalamu, ishike tena juma hili.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika udongo ule wa namna tatu, ni upi uzibao kisima cha kwaya yetu?
2. Ni nani katika usharika wetu ajuaye nyimbo za kale, naye hajaulizwa?
3. Mwalimu wetu aweza kupunguziwa kazi gani, apate nusu saa yake?