SOMO LA AFYA: UWANJA WA MPIRA NA WALE WANAOSIMAMA KANDO

Wandugu na wamama, jioni jua likipungua nguvu, tazameni uwanja wa mpira. Vijana ishirini na wawili wanakimbia. Sasa hesabuni wale wanaosimama kando: wasichana wenye bidoni za maji, wamama waliotoka shambani, baba wa miaka hamsini ambaye zamani alikuwa mchezaji hodari, na kijana ambaye mguu wake ulidhoofika kwa polio. Hao ni wengi kuliko wachezaji, na miili yao pia yahitaji mchezo. Kundi la mpira lina uwanja, lina viongozi, lina jina ambalo watu wanalipenda. Mbona lisiwafungulie hao michezo mingine?

Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, linasema kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 anapaswa kutumia mwili wake kwa nguvu kwa dakika 60 kila siku. Mtu mzima anahitaji dakika 150 au zaidi kwa juma. Mama mmoja atajibu: “Mimi nalima, natwanga, nachota maji. Mnataka nikimbie tena?” Mama huyo ana haki. Mtu aliyelima tangu asubuhi hana haja ya kuongezewa kazi. Lakini mzigo wa kuni unaumiza mgongo na shingo, tena mara nyingi anaubeba peke yake na fikara zake. Mchezo unanyoosha viungo, na kicheko cha wenzake kinapunguza uchovu wa moyo. Na mume anayependa mke wake acheze nusu saa, abebe yeye bidoni moja siku ile.

Wenye hatari zaidi ni wale wanaokaa kutwa: fundi wa cherehani, mwenye duka, mwalimu, karani, hata dereva wa pikipiki, maana yeye anasafiri mbali lakini miguu yake haifanyi kazi. Kwao ugonjwa wa sukari na ugonjwa wa tansio huingia polepole. Tansio ni adui mwenye hila, kwa sababu mara nyingi haileti maumivu. Mtu anajiona mzima, kumbe mishipa yake inaharibika, na siku moja anaanguka kwa kiharusi, mkono na mguu wa upande mmoja vikafa. Kuutumia mwili kila juma, pamoja na kupunguza chumvi na kuacha tumbako, kunasaidia kuzuia jambo hilo.

Kundi la mpira kutoa michezo mingine si jambo geni katika inchi yetu. Huko Kinshasa, zamani ikiitwa Léopoldville, padre Raphaël de la Kethulle alianzisha chama cha michezo mwaka 1919. Watu walimwita Tata Raphaël. Alipenda sana mpira wa miguu, lakini hakuishia hapo: alifundisha vijana mazoezi ya viungo na kuogelea pia. Alikufa mwaka 1956, na uwanja mkubwa uliofunguliwa mwaka 1952 leo unaitwa kwa jina lake. Huko Lubumbashi, kundi la Mazembe lililoanzishwa mwaka 1939 lina jina kubwa kwa mpira wa miguu, walakini jina hilohilo linachezewa katika mpira wa kikapu. Na huko Kampala, kundi la KCCA lililoanza mwaka 1963 lina wenzao wanawake wanaocheza mpira wa pete.

Lakini angalieni vema. Makundi hayo makubwa yanatafuta vikombe. Watu elfu wanakaa na kutazama, kumi wanacheza. Kutazama hakuponyi tansio. Sisi wa Kabambare hatuna haja ya kuiga vikombe vyao. Tuige ile hekima ya kutumia jina moja na uwanja mmoja kwa michezo mingi.

Tuanze na nini? Nzango ni mchezo wa wasichana wa Kongo zote mbili. Makundi mawili yanasimama uso kwa uso, wanaimba, wanapiga makofi. Mmoja wa huku na mmoja wa huko wanaruka na kutupa mguu mbele, na alama zinahesabiwa kwa namna miguu ilivyokutana. Mwaka 2015 mchezo huo ulionyeshwa Brazzaville katika Michezo ya Afrika. Hauhitaji hata mpira, na moyo unapiga kweli! Wamama wengi wataukumbuka tangu utoto wao.

Mpira wa wavu unahitaji miti miwili, kamba na wavu, na mahali penye urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Nyuma ya goli pengine pako pa kutosha.

Na yule kijana wa mguu dhaifu? Mwaka 2017 polio ilionekana tena katika Maniema yetu, kwa hiyo jambo hili si la zamani tu. Uko mpira wa wavu wa kuketi, ulioanzishwa Uholanzi mwaka 1956. Wachezaji wanakaa chini na kusogea kwa mikono; uwanja ni mita 10 kwa 6, na wavu uko chini, kama mita moja na kidogo. Wanawake wa jirani zetu Rwanda waliucheza katika Michezo ya Paralimpiki mwaka 2016, na tena baadaye. Fagieni mawe na vigae kwanza, na watandike turubai.

Ugomvi utakuwa juu ya saa. Wachezaji wa mpira watasema uwanja ni wao. Viongozi wakate shauri mapema: siku mbili za juma ziwe za michezo mingine, na zisifutwe kwa sababu mechi imekaribia. Wasichana wamalize kabla ya giza, na mama mzima mwenye kuaminiwa awe pamoja nao. Hili msilipuuze, wazazi wengi wanakataza binti zao kwa ajili ya hofu ya njiani, wala si kwa kuchukia mchezo.

Pawe na maji yaliyochemshwa, kila mtu na kikombe chake. Kidonda kioshwe mara moja kwa maji na sabuni. Kikiwa kirefu au kimeingiwa na udongo, mtu aje hospitali kwa ajili ya sindano ya pepopunda. Mwenye homa asicheze. Mama mwenye mimba aulize mkunga kwanza. Na mtu aliyepita miaka arobaini ambaye hajakimbia siku nyingi, aje kupimwa tansio kabla ya kuanza, kisha aanze kwa kutembea kuuzunguka uwanja, huku vijana wakiendelea na mpira wao katikati.