Kuandika Wasia si Uchuro

Wako wengi katika miji yetu ya pwani ambao, wakitajiwa habari ya kuandika wasia, hushtuka na kusema ni uchuro. Twawauliza: je, asiyeandika hafi?

Bwana Mtume (S.A.W.), katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametufundisha kuwa haimpasi Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa. Na Ibn Umar, aliyeisimulia Hadithi hiyo, tangu kuisikia hakulala usiku mmoja bila ya kuwa na wasia wake.

La kwanza la kuandikwa ni deni. Katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, mafungu ya warithi yametajwa kuwa ni baada ya wasia na deni. Kwa hivyo, gharama za maziko zikishatolewa hulipwa madeni, kisha wasia, ndipo warithi wagawiwe. Na mahari ya mke ambayo hajapewa ni deni vilevile. Lisipoandikwa, nani atalikumbuka?

La pili, wasia hauzidi thuluthi ya mali, wala mrithi hausiwi ila wenziwe waridhie. Anayemwandikia mwana mmoja nyumba nzima huwaachia wanawe ugomvi.

La tatu ni hati. Mombasa wengi wana nyumba juu ya ardhi ya mtu mwingine. Hati ya nyumba na stakabadhi za kodi ya ardhi ziwekwe pamoja na wasia. Na lililo wakfu litajwe, warithi wasije wakaligawanya.

La nne, mzee aliyemfanya mwanawe wakili wa kumpokelea kodi asidhani kuwa hayo yatosha. Uwakili hukoma kwa kufa, na kwa kutokwa na akili pia. Na amchague wasii mwaminifu, na ashuhudize watu wawili waadilifu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imempa Kadhi kuhukumu mirathi ya Waislamu waliokubali kufika mbele yake. Lakini Kadhi huhukumu kwa ushahidi; hayajui yaliyokuwa moyoni mwa maiti.

Ndugu zetu, masiku mawili tuliyopewa yaanza kuhesabiwa leo. Tuandike tungali na akili zetu, tusije tukawaacha mayatima wakigombana na sisi kaburini twadaiwa.

Wabillahi tawfiq.