Vifurushi vya gemu: ninunue au niache?

*Nina kibanda cha gemu Majengo, hapa Dodoma. Vijana wananishawishi ninunue vile vifurushi vya wachezaji ndani ya EA Sports FC, eti wateja wataongezeka. Vinalipa kweli?*
*Mwenye Kibanda*

Ndugu yangu, kwa biashara yako, hapana. Mteja anayelipia mechi moja huchagua Arsenal au Real Madrid, na timu hizo zimo tayari kwenye gemu. Vifurushi vinajenga kikosi cha Ultimate Team (timu unayojikusanyia mwenyewe) cha akaunti moja tu, na toleo jipya likitoka mwakani wachezaji hao hawahami nawe.

Tena mara nyingi unalipa kabla hujajua utampata nani. Ni bahati nasibu tu, hata wakiipamba. Ubelgiji ilivibana vifurushi vya aina hii mwaka 2018. Soma asilimia zinazoonyeshwa kabla ya kununua: nyota wakubwa mara nyingi huandikiwa chini ya asilimia 1.

Hela hiyo nunulia pedi. Kijiti cha kushoto kikianza kumsogeza mchezaji chenyewe, mteja anahamia kibanda cha jirani.

Kama kadi yako ya benki imeunganishwa na akaunti ya gemu, iondoe, maana vijana wanashika pedi kutwa nzima. Ukiona makato usiyoyaelewa, wapigie benki siku hiyohiyo.