Juya Halina Chambo
Somo la robo hii kwa kamati za parokia: Mathayo 13:47–50





Mifano ya Bwana Yesu hatuisomi ili tuisifu tu. Tunaisoma ili itusaidie Jumatatu asubuhi, wakati kamati imekaa na daftari mezani na watu wanasubiri nje. Katika somo hili tutatazama mfano mfupi sana, wenye mistari minne tu, ambao watu wa Mchinga na pwani yote ya Lindi wanaweza kuuelewa kuliko wasomi wengi: mfano wa juya.

Kabla ya kuendelea, mmoja wenu asome kwa sauti Mathayo 13:47–50. Kisha someni mfano wa ngano na magugu, Mathayo 13:24–30, kwa sababu mifano hii miwili ni ndugu.

1. Mfano wenyewe

Tuanze na jambo ambalo wengi hulipita. Mfano wa mpanzi Yesu aliusimulia mbele ya makutano, akiwa ameketi chomboni. Lakini mfano wa juya aliutoa baada ya kuagana na makutano na kuingia nyumbani (Mathayo 13:36). Waliousikia ni wanafunzi wake, na baadhi yao walikuwa wavuvi. Kwa hiyo ni somo kwa wale wanaoifanya kazi ya Bwana, si kwa watazamaji. Kwa lugha ya leo tungesema ni somo la wanakamati.

Biblia ya Union Version imetumia neno “juya”. Tafsiri nyingine zimeandika “wavu”. Neno juya linatufaa zaidi. Mshipi huvua samaki mmoja mmoja. Dema humngoja samaki aingie mwenyewe. Juya hufanya kazi kwa namna nyingine: kamba moja hubaki pwani, chombo huzunguka na wavu kwa nusu duara, kisha watu hushika kamba zote mbili na kuvuta kwa pamoja hadi mchangani. Ndani yake hutoka changu na tasi, dagaa na ngisi, kaa, majani ya baharini, na bunju pia, ambaye kila mtoto wa pwani anajua kwamba sumu yake huua.

Katika mfano huu wanaovuta hawachagui samaki majini. Huvuta kwanza. Wakishafika pwani, huketi, wakachambua. Halafu Yesu anaeleza maana yake: uchambuzi wa watu utafanyika mwisho wa dunia, na watakaoufanya ni malaika.

2. Je, mfano huu unahalalisha kokoro?

Swali hili linaweza kuulizwa na mvuvi yeyote, na ni swali la haki. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009 zinakataza uvuvi wa kokoro katika bahari yetu. Sababu yake inajulikana: wavu huo hukwangua majani ya baharini ambamo samaki hukulia, na huzoa samaki wachanga kabla hawajazaa.

Yesu hakuwa akifundisha zana za uvuvi. Mfano huwa na shabaha yake, na mengine yote ni nguo ya hadithi. Alipomtaja wakili dhalimu (Luka 16:1–8) hakutuambia tuibe. Alipotaja mwivi ajaye usiku (Mathayo 24:43) hakuusifu wizi. Vivyo hivyo, Mkristo anayevua kwa kokoro, au anayerusha baruti kwenye matumbawe, asiitafute ruhusa yake katika Mathayo 13. Hii ni kanuni ya kwanza ya kusoma mifano: tafuta shabaha, usichukue kila kipande ukakifanya amri.

3. Shabaha ya mfano na kazi ya kamati zetu

Juya halina chambo. Ndoana huhitaji kipande cha ngisi cha kumdanganya samaki. Juya halidanganyi mtu. Katika vijiji vya pwani yetu Wakristo ni wachache, na majirani zetu walio wengi ni Waislamu. Kisima, mbegu au bati zinapoletwa na kanisa, wapo wanaojiuliza kimoyomoyo kama ndani yake kuna ndoana. Jibu letu lisiwe maneno matupu, lionekane katika utaratibu wenyewe. Msaada usitangazwe kwanza kwenye ibada na kufika kijijini baadaye kama makombo. Mtu asiombwe kuhudhuria mafundisho ili apewe mbegu. Anayetaka kumjua Kristo atakaribishwa kwa furaha, lakini aje kwa miguu yake mwenyewe.

Juya hukusanya wa kila namna. Hapa ndipo kamati hupata taabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Kamati imepokea mbegu za ufuta za kutosha kaya 20, na kaya 34 zimeandikishwa. Miongoni mwao yupo mjane Mwislamu anayelea wajukuu wanne. Yupo katekista mwenye mikorosho yake inayozaa vizuri. Yupo shemeji wa mjumbe wa kamati. Yupo pia kijana aliyewahi kujulikana kwa kuvua kwa baruti, ambaye sasa anataka kulima. Mjumbe mmoja anasema, “Huyo kijana ni bunju, mtupeni.”

Tusimame hapo kwenye neno bunju. Katika Walawi 11:9–12 Wayahudi walikatazwa kula kiumbe cha majini kisicho na mapezi na magamba. Maana yake pweza, kaa na kamba, ambao kwetu ni kitoweo na biashara, mvuvi aliyeshika sheria hiyo angewatupa. Mara nyingi nasi tunamwita mtu mbaya kwa sababu tu hafanani na sisi, au kwa sababu tunaikumbuka jana yake. Tunamtupa pweza tukidhani ni bunju. Kijana yule aulizwe kama wenzake wote wanavyoulizwa: Je, una shamba? Je, una uhitaji? Je, unakubali masharti? Kama moja ya masharti ni kuacha uvuvi haramu, basi liwe sharti la wote 34, si la kwake peke yake.

Wachaguzi wa watu ni malaika. Lakini mbegu ni za kaya 20 tu, na lazima kamati ichague. Je, kuchagua ni dhambi? Hapana. Kupima mahitaji ni uwakili, na wakili hutakiwa kuwa mwaminifu. Kinachokatazwa ni kupima nafsi: kusema huyu anastahili kwa kuwa anasali, yule hastahili kwa kuwa hasali. Mahitaji tunaweza kuyaona kwa macho, kwa mfano idadi ya watoto, shamba lililopo, nguvu kazi, ugonjwa. Moyo hatuuoni.

Tena wavuvi wa mfano “waliketi”. Kazi ya kuchambua haifanywi kwa kusimama wala kwa simu ya usiku. Tunashauri mambo manne:

a) Vigezo viandikwe na kukubaliwa kabla majina hayajasomwa.
b) Mjumbe mwenye ndugu katika orodha atoke nje jina hilo linapojadiliwa, na jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari.
c) Orodha ibandikwe mahali pa wazi, kama ofisi ya kijiji, pamoja na vigezo vyake.
d) Ziwekwe siku za kupokea malalamiko kabla ya kugawa, na asiyepata aelezwe sababu kwa heshima.

Kwa utaratibu huu mjane Mwislamu huenda akatangulia, na katekista mwenye mikorosho akangoja. Katekista ajue kwamba hajadharauliwa. Ameheshimiwa kama mtu anayeweza kungoja.

4. “Lakini Paulo alisema…”

Wengine hutukumbusha Wagalatia 6:10, ambapo Paulo anawataka Wakristo wawatendee wema watu wote, na hasa jamaa ya waaminio. Ni kweli, na tusilifiche andiko hilo. Lakini “hasa” haiwezi kufuta “wote”. Njia iliyo safi ni kuwa na vikapu viwili. Sadaka ya jumuiya ndogo ndogo, waliyoitoa waamini wenyewe ili wasaidiane katika misiba na magonjwa, ni kikapu cha nyumbani, na hakuna ubaya kikiwatunza wa nyumbani. Fedha iliyoombwa kwa jina la maskini wa kijiji ni kikapu cha kijiji kizima. Kuchota kikapu cha pili ili kujaza cha kwanza ni udanganyifu, hata kama waliofaidika ni wacha Mungu.

5. Sisi wenyewe tulivutwa

Tukumbuke pia tulikotoka. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walishukia Lindi, wakatembea hadi Masasi na kujenga makazi yao huko. Watu hao walikuwa wamenyang'anywa makwao katika biashara ambayo Kilwa ilikuwa mojawapo ya bandari zake kubwa. Hakuna aliyewachambua kwanza.

Wamisionari Wabenediktini walifungua Lukuledi mwaka 1895. Wakati wa vita ya Maji Maji, mwaka 1905, misheni za Lukuledi na Nyangao ziliharibiwa. Mwaka uliofuata, 1906, ikaanzishwa misheni ya Ndanda, katika nchi ile ile. Leo hospitali za Ndanda na Nyangao hupokea wagonjwa wa dini zote.

Mwezi Mei 2024, mvua na mafuriko ya wakati wa kimbunga Hidaya yalipoikata barabara kuu ya Lindi–Dar es Salaam upande wa Kilwa, mabasi na malori yalikwama. Waliokwama ndani ya basi moja walikuwa wa kila namna. Siku kama hiyo ikija tena, kamati itatakiwa kuandika orodha haraka, na haraka ndiyo hufichua mazoea. Kamati iliyozoea kuketi na kupima mahitaji wakati wa raha haitapotea wakati wa shida.

6. Neno kwa wafadhili

Nanyi wafadhili wetu mmeshika kamba ya pili. Juya likivutwa upande mmoja tu hupinda, na samaki hutoka. Tunawaomba mtuulize maswali magumu juu ya fedha, risiti na orodha. Hayo ni haki yenu, na kamati inayoyachukia ina jambo la kuficha. Lakini msipime mradi wa maji kwa idadi ya waliobatizwa. Mkifanya hivyo mtaifundisha kamati kutia chambo. Pimeni kwa maji: je, yanatoka? Je, mjane aliye mbali na kanisa anachota sawa na mwenyekiti wa parokia?

7. Na sisi tumo ndani

Hukumu iliyotajwa katika mstari wa 49 na wa 50 ni ya kweli, na hatuna ruhusa ya kuilainisha. Lakini katika mfano huu mwanakamati hajapewa nafasi ya malaika. Naye ni samaki aliyemo ndani ya juya, pamoja na mjane, katekista na kijana wa baruti. Kalamu tuliyoshika leo itatolewa hesabu siku ile.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika mgao wetu uliopita, je, vigezo viliandikwa kabla au baada ya majina?
2. Ni nani kijijini kwetu tunayemwita “bunju”? Tumewahi kumsikiliza?
3. Je, majirani zetu Waislamu wakiulizwa, watasema msaada wetu una chambo?
4. Vikapu vyetu viwili vimetenganishwa kwenye daftari?

Sala

Ee Bwana, uliyewaita wavuvi wawe wanafunzi wako, utupe mikono ya kuvuta pamoja na macho ya kuona uhitaji. Utuepushe na kiburi cha kuwahukumu uliowaumba. Siku ya kuchambua itakapofika, utuhurumie sisi na majirani zetu. Amina.