Fundi wa mtaani aanzie wapi?

Swali: Hapa Kiomboi tuna mafundi, mama lishe na vijana wa bodaboda. Je, tuwafundishe wote kompyuta?

Jibu: Hapana, anzeni na kazi iliyo mkononi. Fundi wa mashine ya kukamua alizeti akiongezewa elimu ya umeme na elektroniki atanufaika haraka kuliko akianza upya darasani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa 1994, hupima ujuzi uliopatikana kazini na kuurasimisha kwa cheti. Mtasema cheti hakitengenezi mashine. Kweli, ila upimaji huonyesha pengo lilipo, na mafunzo mafupi yalenge hapo. Kompyuta nayo watajifunza kazi ikiidai: hata M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyoingia Tanzania 2008, watu waliijua kwa kuihitaji tu. Kuhusu mtaji, vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu viulizie mikopo isiyo na riba, itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.