Mawe ya Engaruka na Nyumba za Wazee Wetu

Watoto wasomao shuleni habari za Dola ya Kirumi huwauliza wazazi: Je, nasi tunayo magofu ya kale? Yapo, tena kwa familia ya Mbulu safari yake si ndefu. Msafiri hupita Karatu, hushuka hadi Mto wa Mbu, kisha huufuata ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea kaskazini mpaka Engaruka, wilaya ya Monduli.

Huko haoni nguzo wala sanamu. Huona mawe yaliyopangwa kwa mkono bila chokaa: mabaki ya vijiji saba mtelemkoni, na chini yake mashamba ya kale yenye kingo za mawe na mifereji, yakienea kilometa za mraba zipatazo 20. Mvua ya pale ni haba. Watu wale waliishi kwa kuyaongoza maji ya mito ishukayo milimani na kuyagawa shamba kwa shamba, na punje za mtama wao zimefukuliwa ardhini. Waliishi hapo tangu karne ya 15 hivi, wakapaacha katika karne ya 18. Louis Leakey, aliyefika mwaka 1935, alikadiria kwamba walikuwa watu 30,000 hadi 40,000. Wachunguzi wa baadaye wameona hesabu hiyo imezidi mno.

Walikuwa nani basi? Wako wataalamu waliowatazama Wairaqw wa Mbulu, jinsi wanavyolima milimani kwa kuzuia udongo usichukuliwe na maji, na jinsi walivyofuga ng'ombe zizini na kupeleka samadi shambani, wakasema kwamba huenda hawa ni jamaa za wale. Wengine huwatazama Wasonjo kwa sababu ya mifereji yao. Neno hili halijathibitishwa, nasi hatutaki msomaji wa Mbulu ajivunie mali isiyo yake. Masimulizi ya Wairaqw wenyewe hutaja Ma'angwatay kuwa makao yao ya zamani, kabla ya kufika Mama Isara.

Lakini kufanana huko kuna faida kubwa hata kama hakuna undugu. Mwaka 1897 Wajerumani, ambao wakati huo walitawala nchi yetu, walianza kwao kuijenga upya Saalburg, ngome ya askari wa Kirumi iliyokuwa imebaki misingi tu. Leo wageni huingia malangoni mwake wakastaajabu. Hata hivyo wataalamu wamegundua makosa: meno ya juu ya ukuta yalijengwa yakikaribiana mno, na mawe yakaachwa wazi ambapo Warumi walipiga lipu. Wajenzi walijitahidi, ila hapakuwa na mzee wa Kirumi wa kuulizwa.

Sisi tunao wazee. Nyumba ya kale ya Mwiraqw ilichimbwa ubavuni mwa kilima, ikashikwa kwa nguzo na boriti, ikaezekwa kwa udongo hata paa likalingana na ardhi. Adui aliyekuja kuteka ng'ombe angeweza kupita asiione. Humo watu na mifugo walilala pamoja. Nyumba hizo sasa ni adimu sana. Bati limeshika mahali pake, nasi hatumlaumu mtu atakaye nyumba kavu yenye mwanga. Kadhalika kule Hanang, Wadatoga humjengea mzee mwenye heshima kaburi la kichuguu, bung'eda, kwa kazi ya miezi mingi. Asiyeelezwa ataona udongo tu.

Kwa hiyo, wazazi mnaokusudia kuwapeleka watoto Engaruka, wapelekeni kwanza kwa babu na bibi, na kalamu mkononi. Waulize mti gani ulifaa kwa nguzo na mti gani ulioza upesi. Waulize maji ya masika yalizuiwaje yasiingie ndani, moshi ulipita wapi, ndama alifungwa upande gani, na samadi ilitolewa na nani. Bibi atacheka kidogo kwamba mambo ya zizini yanaandikwa daftarini. Kisha atawaonyesha kwa fimbo, pale uani, mlango ulipokuwa.