SOMO LA AFYA: Munkoyo, maembe, na maji tunayoongeza



Joto la mwezi wa tisa na wa kumi mnalijua: vumbi, jua kali, makoo makavu. Kisha mvua inaanza, na maembe yanaanguka katika kila lupango. Hapo wengi wetu tunakimbilia soda ao zile pakiti za maji ya rangi za njiani. Feza inakwisha, kiu inabaki. Kumbe nyumbani mna vitu vya kutosha, na hapana lazima ya mashini wala umeme.

Tuanze na maji. Kolera iliingia Afrika ya magharibi mwaka 1970, na katika jimbo letu la Haut-Lomami inarudi kila mara upande wa maziwa ya Upemba, Bukama na Malemba-Nkulu. Si mbali na sisi: Bukama ni stesheni ya njia ileile ya gari la moshi inayopita Kamina. Embe lililooshwa na kumenywa kwa mikono safi halikuletei kolera. Inakuja na maji uliyoongeza, na glasi iliyopita kwa midomo kumi, na barafu isiyojulikana ilitoka wapi.

Basi tuchemshe. Kamina iko karibu meta 1.100 juu ya bahari, na kwa urefu huo maji yanachemka kwa digrii 96 hivi, hayangojei 100. Haizuru. Yakitokota kwa nguvu dakika moja, mikrobe za kolera zinakufa. Kuyaacha nusu saa juu ya mbabula ni kuchoma makala ya mama bure. Yafunike, yapoe katika sufuria ileile. Anayeyamimina katika bido chafu amerudi alipoanza.

Makala yakikosa, jua linaweza kusaidia: chupa ya plastiki nyeupe, inayopitisha mwanga, isiyozidi litre 2, maji yasiyo na tope, saa 6 juani. Siku ya mawingu inapashwa kuwa siku mbili. Lakini angalia, maembe yanaiva pamoja na mvua, ndiyo maana kwa maembe sisi tunategemea moto.

Maji ya embe: chukua maembe matatu yaliyoiva sana, ponda nyama yake kwa mwiko, chuja nyuzi, ongeza glasi mbili za maji yaliyochemshwa na kupoa, kamulia ndimu moja. Sukari ya nini? Embe limekwisha kuiweka. Rangi yake ya manjano ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kupigana na magonjwa. Tena vitamini hiyo inahitaji mafuta kidogo ili iingie mwilini, kwa hiyo kula karanga pamoja nayo, ao kipande cha avoka. Karanga zilizoota ukungu utupe. Kuzikaanga hakuondoi sumu yake.

Sasa munkoyo, ambayo wengine wanaidharau kwamba ni ya kijiji. Mimi naiona kuwa kemia nzuri kupita nyingi za ubaoni. Pika uji wa mahindi mpaka uive kabisa. Uache upoe hata uwe vuguvugu, kisha tia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Muda kidogo tu, uji mzito unakuwa mwepesi kama maji, na utamu unatokea bila sukari. Ni kwa sababu mizizi ina enzimu inayokata wanga kuwa sukari. Ukiitia katika uji wa moto sana, enzimu inakufa, na uji unabaki uji. Toa mizizi, chuja, funika, lala nayo usiku mmoja. Asubuhi ina uchachu mzuri. Siku ya tatu inaanza kulewesha, na hiyo si ya wanafunzi.

Uchachu unazuia mikrobe nyingi, kweli. Lakini bamama wengine wakiona munkoyo ni nzito wanaongeza maji ya kisima, mabichi, dakika ya mwisho. Hapo kazi yote ya moto imepotea. Ongeza paka maji yaliyochemshwa.

Mtu akishikwa na kuhara, ndugu, mwacheni na utamu wote huu. Mpeni maji safi litre 1, sukari vijiko vidogo 6 visivyojaa kupita ukingo, chumvi nusu kijiko kidogo. Anywe kidogo kidogo, huku mkimpeleka kituo cha afya bila kungoja kesho.

Maulizo ya kujibu katika daftari:
1. Kwa nini uji unapashwa kupoa kabla ya kutia mizizi?
2. Nyumbani kwenu, maji ya kunywa yanachotwa kwa kikombe gani, na nani anaweka mkono ndani?